Risasi za Area D hazikujibu hoja

Na Mwandishi Maalum, Bonga

NDUGU msomaji, leo tuulizane swali la kijiweni lakini lisilo na mzaha. Mbunge tunampeleka Dodoma kufanya nini?

Najua wengi mtajibu haraka: kuleta maji, barabara, bati za shule na jezi za timu ya mtaa. Sawa. Hayo tunayahitaji, na sisi wa Bonga hatuyakatai. Lakini bati la shule hata diwani anaweza kulihangaikia, na jezi hata mwenye duka la jumla atatununulia siku akitaka kura. Ipo kazi moja ambayo diwani haiwezi na mkuu wa wilaya haithubutu. Ni kusimama mbele ya waziri na kumuuliza uso kwa uso: hawa watu wenu wenye bunduki, pingu na mafaili ya siri, wanawajibika kwa nani?

Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina Tundu Lissu, na ndiyo nataka tuizungumze leo. Sitaki tuizungumze kwa ushabiki, maana ushabiki tuna Simba na Yanga. Tumpende au tusimpende, maswali aliyoyapeleka bungeni yanatuhusu sisi tunaolala mitaani bila mlinzi getini. Na majibu aliyopewa yanatuhusu zaidi.

Lissu ni jirani yetu. Ukitoka Babati ukapita Katesh ukaelekea Singida, umefika kwao. Alikuwa mwanasheria wa wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu kabla hajawa mwanasiasa. Mwaka 2010 wananchi wa Singida Mashariki wakampeleka bungeni kwa tiketi ya Chadema, akawa Mnadhimu Mkuu wa Kambi ya Upinzani na msemaji wa kambi hiyo kuhusu katiba na sheria. Wabunge wenzake walijua kwamba Lissu akisimama na kitabu cha Kanuni mkononi, kuna mtu kwenye kiti cha mbele atatoka jasho.

Hoja zake zilikuwa nyingi, lakini ukizichuja unabaki na mbili. Ya kwanza ni katiba: nani mwenye nchi? Ya pili ni usalama: nani anamchunga mchungaji? Mimi nasema hizo ni hoja moja yenye vichwa viwili.

Tuanze na katiba. Novemba 2011 serikali ilipeleka bungeni muswada wa kusimamia mabadiliko ya katiba. Lissu alisimama kwa niaba ya upinzani akasema mchakato ulikuwa umefungwa kamba na kamba yenyewe iko Ikulu: Rais anateua tume, Rais anapokea rasimu, Rais ana mkono kila mahali. Wapinzani wakatoka nje. Waliobaki wakagonga meza, muswada ukapita. Lakini hoja haikuisha kwa kugongewa meza. Mwezi huo huo Chadema walikwenda Ikulu kuzungumza na Rais Jakaya Kikwete, na mwaka 2012 sheria hiyo hiyo ikarudishwa bungeni kurekebishwa. Umeona? Mtu wa upande wenye kura chache akijenga hoja, wenye kura nyingi wanaweza kushinda bungeni na bado wakalazimika kurudi mezani.

Septemba 2013 marekebisho mengine yalipoletwa, nchi iliona kioja. Kiongozi wa upinzani, Freeman Mbowe, aliamriwa atoke ukumbini na mvutano mkubwa ukazuka. Mbunge wa Mbeya Mjini, Joseph Mbilinyi, huyu Sugu tunayemjua sisi wa muziki wa kizazi kipya, akaburutwa nje na walinzi. Mjadala wa katiba ya nchi ukageuka mieleka!

Kisha likaja Bunge Maalum la Katiba la mwaka 2014. Mezani palikuwa na Rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyobeba maoni ya wananchi wa kila kona. Watu wanakumbuka mambo ya serikali tatu tu, kwa sababu ndiko kelele zilikokuwa, na Lissu mwenyewe aliwasha moto Aprili 2014 alipowasilisha maoni ya wachache na kuhoji Hati ya Muungano. Lakini ndani ya rasimu hiyo mlikuwa na vitu vingine ambavyo kijana wa Bonga angepaswa kuvidai kila siku. Matokeo ya urais yaweze kupingwa mahakamani. Waziri asiwe mbunge. Na wapiga kura wawe na haki ya kumwondoa mbunge wao kabla ya miaka mitano kwisha.

Shika hilo la mwisho, nitalirudia.

Aprili 16, 2014, wapinzani chini ya mwavuli wa Ukawa walitoka kwenye Bunge Maalum. Waliobaki wakaendelea wenyewe, na mwezi Oktoba wakapitisha Katiba Inayopendekezwa, nguvu ile ya mpiga kura ikiwa imenyofolewa. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 iliahirishwa, na imebaki kuahirishwa.

Sasa tuje kwenye usalama, maana hapa ndipo penye mwiba.

Januari 2011 polisi waliwapiga risasi na kuwaua watu katika maandamano ya Chadema mjini Arusha. Septemba 2012 mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini katika kijiji cha Nyololo, mikoa michache kusini mwetu, polisi wakiwa wamemzunguka. Juni 2013 bomu likalipuka kwenye mkutano wa kampeni wa Chadema pale Soweto, Arusha. Kila mara kambi ambayo Lissu alikuwa mnadhimu wake ilisimama bungeni kudai jambo lile lile: uchunguzi huru, nje ya mikono ya wanaotuhumiwa. Fisi huwezi kumpa bucha halafu ukamtaka aandike hesabu ya minofu.

Walipata nini? Kwa Mwangosi, askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 mwaka 2016 kwa kuua bila kukusudia. Mmoja! Waliokuwa wakitoa amri siku hiyo walirudi nyumbani kula ugali wao.

Msomaji, usidhani kwamba nchi haina sheria. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1996 ipo, na iliandikwa na Bunge lenye CCM tele. Sheria hiyo inasema idara haina kazi ya kumfuatilia mtu kwa sababu tu anashiriki maandamano halali au anapingana na serikali. Isome mwenyewe. Kwa mujibu wa karatasi, kijana anayevaa fulana ya upinzani hapaswi kuwa na mtu nyuma yake. Tatizo ni kwamba karatasi haina macho. Anayepaswa kuwa macho yake ni mbunge, kwani Ibara ya 63 ya Katiba ndiyo inayolipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri serikali.

Na macho hayo yalianza kufumbwa mapema. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba TBC haitaonyesha tena vikao vyote moja kwa moja, kisa gharama. Wapinzani walipogoma kukubali, Januari 27 polisi wakaingia ndani ya ukumbi wa Bunge kuwatoa wabunge. Tafakari. Wale ambao Bunge linapaswa kuwasimamia ndio waliolisimamia Bunge!

Novemba 2016 Ben Saanane, msaidizi wa Mbowe, akatoweka. Lissu alijitokeza hadharani kudai serikali iseme kijana huyo yuko wapi. Aprili 2017 msanii Roma Mkatoliki na wenzake wakatekwa studio Dar es Salaam, wakaonekana siku tatu baadaye wakiwa na majeraha. Jambo hilo lilichoma hata ndani ya CCM, kwani mbunge wa Nzega Mjini, Hussein Bashe, alisimama bungeni mwezi huo huo kupiga kelele juu ya utekaji. Kwa hiyo anayesema haya ni maneno ya wapinzani tu, amuulize Bashe.

Mwaka huo Lissu alikamatwa mara kwa mara kwa tuhuma za uchochezi. Machi wanasheria wenzake walimchagua kuwa Rais wa chama chao, TLS. Agosti akafichua kwamba ndege ya serikali aina ya Bombardier inashikiliwa Canada kwa deni. Katika siku hizo hizo aliwaambia waandishi wa habari kwamba kuna gari linamfuatilia. Alisema waziwazi, mchana kweupe, mbele ya vipaza sauti.

Septemba 7, 2017, akitoka kwenye kikao cha asubuhi cha Bunge, alipigwa risasi nyumbani kwake Area D, Dodoma, kwenye makazi ya wabunge na viongozi. Risasi 16 zilimpata. Alikimbizwa hospitali ya Dodoma, kisha Nairobi, kisha Ubelgiji. Hadi leo hakuna mtu aliyepandishwa kizimbani kwa risasi hizo. Mwizi wa kuku wa Bonga hukamatwa kabla ya jua kuzama, lakini waliommiminia mbunge risasi mchana, katikati ya makao makuu ya nchi, wameyeyuka kama ukungu wa Mlima Kwaraa.

Septemba 2024 gazeti la Guardian la Uingereza likaripoti ushahidi uliotolewa kwenye mahakama ya ajira ya London kwamba kampuni moja ya simu ilikuwa ikiipatia serikali yetu taarifa za simu ya Lissu, ikiwamo mahali alipo, katika wiki za kabla ya shambulio. Katika nchi ambayo Bunge lina meno, waziri angeitwa siku ya pili yake kujibu. Huku kwetu habari ile ilipita kama basi la usiku.

Katiba, Ibara ya 100, inasema uhuru wa mawazo na majadiliano bungeni hautahojiwa na chombo chochote nje ya Bunge. Maneno matamu. Lakini kinga ya mbunge inaishia mlangoni, na risasi haikuomba mwongozo wa Spika.

Juni 28, 2019, Lissu akiwa bado ughaibuni kwa matibabu, Spika Job Ndugai alitangaza kwamba kiti chake kiko wazi. Sababu? Hakuhudhuria vikao bila ruhusa na hakujaza fomu za tamko la mali. Mtu aliyelala kitandani kwa risasi alizopigwa akiwa kwenye kazi ya Bunge akaambiwa ni mtoro! Mwezi uliofuata mgombea wa CCM alipita Singida Mashariki bila kupingwa. Hakuna mwananchi hata mmoja aliyepiga kura.

Sasa, vijana wa Babati, msiwacheke Wanyaturu. Turudi nyumbani.

Mwaka 2015 jimbo la Babati Mjini lilimchagua Pauline Gekul wa Chadema. Wengine mlisimama foleni tangu alfajiri. Oktoba 2018 akajiuzulu ubunge, akajiunga na CCM. Uamuzi wake ni haki yake, sheria inamruhusu. Lakini uchaguzi mdogo ulipoitishwa Desemba 2018, akarudi kwa tiketi mpya bila kupingwa. Na hakuwa peke yake, Simanjiro, Serengeti na Ukerewe hadithi ilikuwa hiyo hiyo. Kura yako ya 2015 ilihama chama bila wewe kuulizwa, na sanduku la kukuuliza halikufunguliwa.

Ndiyo maana nilikwambia ulishike lile la Rasimu ya Warioba. Siku zile Lissu na wenzake walipokuwa wakigombana Dodoma, kijiweni tuliambiwa wanapiga domo. Kumbe walikuwa wanagombania funguo za nyumba yetu. Mwenye uwezo wa kumwondoa mbunge ndiye anayeogopwa na mbunge. Kama mwenye uwezo huo ni chama, mbunge atakiogopa chama. Na mbunge anayekiogopa chama hawezi kumuuliza waziri kuhusu watu wasiojulikana. Ndivyo vichwa viwili vya hoja moja.

Matokeo yake tumeyaona. Baada ya uchaguzi wa 2020 wabunge wa majimbo wa upinzani upande wa Bara walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Bunge hilo ndilo lililoifanyia marekebisho Sheria ya Usalama wa Taifa mwaka 2023, huku wanasheria na watetezi wa haki wakilalamika kwamba kinga ya maofisa inapanuliwa badala ya uwajibikaji. Mwaka huo huo wa 2023, Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ikamkabidhi Rais Samia Suluhu Hassan ripoti iliyotaka mageuzi makubwa katika Jeshi la Polisi. Tume ya Rais mwenyewe, siyo ya Lissu!

Septemba 2024 Ali Kibao wa Chadema akashushwa kwenye basi na watu wenye silaha, mwili wake ukapatikana kesho yake. Aprili 2025 Lissu, akiwa sasa Mwenyekiti wa chama chake, akakamatwa Mbinga baada ya mkutano wa kudai mabadiliko ya sheria za uchaguzi, akashtakiwa kwa uhaini, kosa lenye adhabu ya kifo. Siku chache baadaye chama chake kikaambiwa hakitashiriki uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Oktoba kesi ikaanza kusikilizwa, akijitetea mwenyewe akiwa mahabusu. Na Oktoba 29, 2025, siku ya kupiga kura, nchi yetu iliona damu, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Mwezi uliofuata Rais akaunda tume ya uchunguzi, mwenyekiti Jaji Chande Othman yule yule.

Swali la bungeni likizibwa mdomo halifi. Linahamia barabarani, na barabarani hakuna Spika wa kusema "kaa chini".

Wapo watakaosema Lissu ana mdomo mkali. Kweli anao. Lakini mdomo mkali unajibiwa kwa mdomo, na Kanuni za Bunge zina adhabu zake. Wapo watakaosema mambo ya usalama ni siri za dola. Ziwepo siri, sawa, hakuna anayetaka majina ya makachero yabandikwe kwenye mti wa soko. Lakini idadi ya watu waliotekwa siyo siri ya dola. Ni msiba wa familia zao.

Na hapa nitawagusa wenzetu wa upinzani pia, wasinune. Kutoka nje ya ukumbi kulileta picha nzuri magazetini, lakini mara nyingi uliacha meza kwa wagongaji. Na wale waliopita bila kupingwa 2018, wengi wao ni ninyi mliotuletea mkituambia ni makamanda. Mnaokota watu kwa umaarufu, halafu mnashangaa wakiokotwa na mwingine.

Tuangalie Kenya. Baada ya umwagaji damu wa 2007 na 2008 walipata Katiba ya 2010. Jina la mkuu wa polisi linapita bungeni kabla hajaapishwa, na tangu 2011 wana sheria ya mamlaka huru ya kuwachunguza polisi. Hapa kwetu Rais anateua, basi. Je, Kenya pamekuwa peponi? Hapana. Mwaka 2024 vijana wenzetu waliandamana kupinga muswada wa fedha, wakauawa na kutekwa. Lakini mzazi wa Nairobi ana mlango wa kugonga na jina la chombo cha kudai. Mzazi wa huku anazunguka vituo vya polisi akiambiwa "hayupo hapa".

Basi wewe kijana wa bodaboda, wewe wa gereji, wewe unayeshinda stendi ya Babati ukiita abiria wa Dodoma na Arusha, fanya mambo matatu. Kwanza, mbunge yeyote akija na jezi, pokea jezi, kisha muulize mbele za watu: unakubali mpiga kura awe na uwezo wa kukuondoa? Unakubali mkuu wa polisi athibitishwe na Bunge? Na mara ya mwisho uliuliza lini kuhusu mtu aliyetoweka? Akijikanyaga, umemjua.

Pili, tafuta kumbukumbu za Bunge, usome mbunge wako alisema nini. Zimeandikwa kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Utashangaa wengine mchango wao wote ni kumpongeza Rais na kuunga mkono hoja kwa asilimia mia moja.

Tatu, kura ni yako. Usikubali tena jimbo kugawiwa bila sanduku, liwe la chama gani.

Lissu alipigwa risasi 16 na hakuna hoja yake hata moja iliyojibiwa. Ziko palepale kwenye vitabu vya Bunge, zinasubiri mbunge mwingine wa kuziokota. Safari hii ahakikishe tuko nyuma yake tangu asubuhi, siyo baada ya mlio wa bunduki.

Mchungaji asiyechungwa, kondoo ndio mboga yake.